Rezo ya mugodi ni sawa hewa: tunataka kuona namba zake



Kila mara sendika inapokaa na wakubwa wa kazi, tunaongea mushahara, unga, lopitalo, masomo ya watoto, viatu na nguo za kazi. Mambo yale yote ni ya lazima na hatutayaacha. Lakini kuko jambo lingine lililoingia katika migodi yetu polepole, bila kelele, na sisi wenyewe hatujalisemea ya kutosha. Jambo lile ni rezo. Hatusemi rezo ya telefone ya nyumbani, ile yenye kukatika wakati unaongea na shangazi wa Likasi. Tunasema rezo ya mugodi wenyewe: zile kable na zile antene zenye kushuka chini pamoja na sisi.

Neno letu la leo ni hili. Namba zenye kuonyesha kama rezo ya mugodi inatembea muzuri ao mubaya si mali ya biro ya baenjenyere peke yao. Ni jambo la usalama, sawa hewa, sawa vyuma vinavyoshika dari. Zinapaswa kufika mbele ya komite ya usalama kila mwezi, na badelege wetu wajue kuzisoma. Tena hazipaswi kugeuka kuwa fimbo ya kumupigia mutumikaji.

Tutaeleza juu ya nini.

Rezo inabeba nini

Zamani mutu alishuka na lampu yake, chuma chake na masikio yake. Wazee wa kazi waliwafundisha vijana kupiga dari na chuma kirefu mbele ya kuanza. Jiwe likitoa sauti ya kengele, liko imara. Likitoa sauti ya kitu chenye utupu ndani, ondokeni, ao mulitoe mbele halijawaangukia. Kazi ile ingali inafanywa leo, na isiachwe hata siku moja.

Lakini katika migodi mikubwa ya leo kuko masikio mengine tena. Kuko kaptere za kupima hewa na gesi. Kuko ventilatere zinazoamriwa toka juu. Kuko pompi za maji, na mutu wa Katanga hahitaji kufundishwa maana ya pompi: mwaka 2011 pompi kubwa za Kipushi zilisimama, maji yakajaza mugodi, na ilichukua miaka kuyatoa. Kuko kamera na redio. Kuko baji ndani ya lampu ya kichwa, yenye kuambia chumba cha kontrole kwamba mutu fulani iko galeri fulani. Ku kariere, pale juu, kuko kamyo zinazoongozwa kwa masini, na rada zinazoangalia kama ukuta wa shimo unasogea.

Vitu vile vyote havina mudomo. Vinasema kwa njia ya rezo. Kaptere inaweza kuwa mupya, ya bei kali, lakini kama kable iliyo nyuma yake imekatwa na masini ya kuchimba, ile kaptere inaona gesi na haimwambii mutu. Baji inaweza kuwa na batri nzima, lakini kama antene ya galeri imekufa, kwa wale wa juu wewe hauko. Njo maana tunasema rezo ni sawa hewa. Wakati iko hakuna mutu anaifikiri. Wakati inakosa, hakuna nafasi ya kufikiri.

Namna wanavyoipima

Watu wengi wanaogopa jambo hili kwa sababu ya maneno yake. Tusiogope. Mutu anayejua kusoma karatasi ya mushahara, na kuona pale walimukata bila haki, anaweza kusoma namba za rezo.

Kila habari inayopita katika rezo inakatwa vipande vidogo, baenjenyere wanaviita pakete. Kila kipande kina adresi ya pale kilipotoka na ya pale kinapokwenda. Katika kila njia panda ya rezo kuko kisanduku chenye kupokea vipande na kuvituma mbele, na kisanduku kile kinahesabu. Kinajua ni vipande vingapi vimeingia, vingapi vimetoka, vingapi vilikuja vimeharibika, vingapi kilivitupa kwa sababu nafasi ilijaa. Kuko ordinatere moja juu yenye kuzunguka kwa visanduku vyote, mara nyingi kila dakika 5, kuuliza hesabu zao na kuziandika. Mutindo ule wa kuuliza unaitwa SNMP, na uko toka mwaka 1988. Delege akitaja jina lile mbele ya wakubwa, watajua kama hakuja kusikiliza hadisi.

Hesabu zile zinajibu maulizo manne. La kwanza: njia imejaa kadiri gani? La pili: kipande kimoja kinachukua wakati gani kwenda na kurudi? La tatu: vipande vingapi vinapotea njiani? La ine: njia ilikuwa wazi saa ngapi, na ilikuwa imefungwa saa ngapi?

Juu ya ulizo la pili, kuko kifaa kimoja chenye historia ndogo. Mwezi wa 12 mwaka 1983, Mike Muuss wa Marekani aliandika programu fupi yenye kutuma kipande kwa masini nyingine na kungoja kirudi, kiisha inasema muda uliopita. Aliiita ping, kufwata sauti ya vyombo vya bahari vinavyopiga mulio chini ya maji na kusikiliza unarudi. Baenjenyere wanaitumia mupaka leo. Wachimbaji watacheka kidogo, maana ni kazi ile ile ya chuma cha wazee: unapiga, unasikiliza, jibu linakuambia hali ya kitu usichokiona.

Juu ya nini kuhesabu ni lazima

Mutu anaweza kusema: kama rezo inakatika, si tutaiona tu? Hapana. Mara nyingi rezo haikatiki. Inachoka, na kuchoka kwake hakuonekani na macho.

Mwezi wa 10 mwaka 1986, kule California, kulikuwa njia ya rezo kati ya nyumba ya utafiti ya Lawrence Berkeley na universite ya Berkeley. Ni umbali mufupi sana, kama mita 400 hivi, mutu anautembea kwa miguu kwa dakika 5. Njia ile ilikuwa inapitisha biti 32.000 kwa sekunde moja. Siku ile ikashuka mupaka biti 40. Hakuna kable iliyokatwa. Hakuna masini iliyoungua. Mutafiti Van Jacobson na mwenzake Mike Karels walitaka kujua juu ya nini. Walichunguza vipande namna vinavyopita, wakaona kitu cha ajabu: masini zilipokosa jibu, zilituma tena kile kile, na tena, na tena. Njia ilijaa vitu vya kurudia, na kila mara masini ilipoona jibu linachelewa ilizidisha musongamano. Dawa waliyotoa ni kuifundisha masini kupunguza mwendo wakati inaona vipande vinapotea. Jacobson aliiandika mwaka 1988, na dawa ile iko ndani ya telefone zetu sasa.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu moja. Bila kuhesabu vipande, watu wale wangesema tu «rezo ni mubaya leo», wangengoja, ao wangenunua kable mupya bila faida. Hesabu njo zilionyesha ugonjwa.

Sasa mulete jambo lile chini ya udongo wetu. Kamera moja yenye picha safi inaweza kupitisha milioni kadhaa za biti kila sekunde. Habari ya kaptere ya gesi ni ndogo sana, sawa karatasi moja kando ya gunia. Mukubwa akiongeza kamera kumi kwa kuangalia mawe yanavyopakiwa, na hakuna aliyehesabu nafasi, kile kikaratasi cha gesi kitasimama mulongo nyuma ya magunia. Dawa iko: visanduku vya rezo vinaweza kuamriwa vipitishe alarme na sauti ya redio mbele ya picha. Lakini lazima mutu aiamrishe, na lazima hesabu zionyeshe kama inafwatwa.

Hatari ya wastani

Hapa tunaomba badelege wasome polepole, kwa sababu hapa njo wanaweza kudanganywa, hata na mutu asiyekusudia kudanganya.

Raporo ya mwisho wa mwezi mara nyingi inakuja na namba moja: «Rezo ilikuwa wazi 99 kwa mia.» Inapendeza macho. Mutoto akileta 99 kwa mia toka masomo, tutachinja kuku. Lakini tuhesabu. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Moja kwa mia ya saa 720 ni saa 7 na dakika 12. Ile ni karibu ekipe nzima ya saa 8 chini ya udongo bila rezo. Kama saa zile zilitawanyika dakika mbili-mbili, ni shida ndogo. Kama ziliangukia pamoja usiku mumoja kwa galeri moja, ni shida kubwa sana. Ile 99 haisemi ilikuwa namna gani.

Tena, mugodi wenye antene 40. Antene 39 zilitembea mwezi wote bila kukatika, moja ilikufa mwezi wote. Wastani unasema 97 na nusu kwa mia. Na ile antene moja iko wapi? Mara nyingi iko kule mwisho, pale kazi inapoendelea mbele, pale mawe yanapasuliwa, kwa sababu kule njo kable inapigwa na vumbi, maji na masini. Yaani namba inapendeza kwa sababu ya pale watu hawako, na inaficha pale watu wako.

Tena, ile desturi ya kuuliza kila dakika 5. Njia ikijaa kabisa sekunde 30, kiisha ikabaki tupu, ordinatere itaandika kama kwa dakika 5 zile ilitumika 10 kwa mia tu. Lakini kwa sekunde 30 zile alarme ilikuwa imekwama. Kwa mutu wa biro, sekunde 30 ni kunywa maji. Kwa mutu aliye chini ya dari inayopasuka, ni maisha.

Njo maana hatuombi wastani. Tunaomba namba za kila antene, za kila ekipe, na saa ya kila kukatika.

Sago, mwaka 2006

Wamoja watasema tunazidisha. Basi tuangalie kwa wengine, kwa sababu mugodi ni mugodi popote.

Tarehe 2 mwezi wa kwanza mwaka 2006, mugodi wa makaa wa Sago, katika West Virginia, Marekani, ulipasuka ndani. Watu 13 walinaswa chini. Mawasiliano na wale wa ndani yalikatika. Hakuna aliyejua wako wapi, na wao hawakuweza kusema. Wale wa kuwaokoa waliwafikia usiku wa siku ya pili, zaidi ya saa 40 nyuma ya mupasuko. Watu 12 walikuwa wamekufa, mumoja tu alipona.

Na kuko jambo lingine la Sago ambalo wake na mama wa wachimbaji wanapaswa kulijua. Habari toka chini mupaka juu ilipita kwa mudomo na redio, mutu kwa mutu, wakivaa vifuniko vya kupumulia. Ikageuka njiani. Jamaa zilizokuwa zinangoja kanisani zikaambiwa kwamba watu 12 wako wazima. Kengele zikapigwa, watu wakaimba. Saa tatu hivi nyuma yake wakaambiwa kweli: muzima ni mumoja. Mutu aliyepita katika kungoja vile anajua kwamba rezo mubaya inaumiza hata wale wasioshuka chini.

Mwaka ule ule, mwezi wa 6, Marekani ilitoa sheria inayoitwa MINER. Iliagiza kwamba, kwa muda wa miaka mitatu, migodi ya makaa ya chini ya udongo ipange namna ya kuongea bila waya kati ya juu na chini, na namna ya kujua kila mutu iko wapi. Sheria ile ililipwa kwa damu. Sisi hapa tuko na vyombo tayari katika migodi mingi. Hatuna haja ya kungoja maiti kusudi tuanze kuviangalia.

Jambo la baji

Sasa tuje nyumbani. Katika mugodi mumoja, hatutautaja jina, mutumikaji wa ekipe ya usiku alikatwa mushahara. Shefu alisema: baji yako ilipotea dakika 50, maana yake uliacha kazi ukaenda kulala. Mutu akakana. Jamaa yake ikapungukiwa mwezi ule, watoto wakarudishwa toka masomo kwa kukosa feza.

Badelege hawakubishana kwa kelele. Waliomba kitu kimoja: hesabu za antene ya galeri ile, usiku ule. Ilichukua majuma, maana kwanza waliambiwa ni siri. Mwisho karatasi ikatoka. Antene yenyewe ilikuwa kimya kwa zile dakika 50. Na baji zingine sita za galeri ile zilipotea dakika moja na ile ya kwanza. Watu saba hawalali kwa dakika moja. Feza ikarudishwa.

Lakini hatukufurahi muda murefu. Kwa sababu karatasi ile ilisema jambo zito kuliko mushahara. Kwa dakika 50, hakuna mutu wa juu aliyejua watu saba wako wapi, na hakuna aliyejua kama hajui. Namba zilikuwa zimeandikwa na ordinatere, na hakuna macho yaliyoziangalia. Zilitafutwa siku mutu alipotaka kukata feza, na siku sisi tulipotaka kuirudisha. Juu ya usalama, hakuna aliyezitafuta.

Ile njo kiini cha neno letu. Kukusanya namba si kazi iliyokwisha. Namba isiyosomwa haimuokoi mutu.

Kuhesabu barua, kufungua barua

Wamoja wetu wanasema: tusiombe namba zaidi, maana watatuchunguza. Ule woga una sababu na hatuudharau. Lakini tutenganishe mambo mawili.

Mutu wa posta anaweza kuhesabu barua: ngapi zilifika, ngapi zilipotea, gunia gani lilichelewa. Anahitaji hesabu ile kwa kutengeneza kazi yake. Kufungua barua na kusoma ndani ni jambo lingine. Vilevile kwa rezo. Kujua kwamba njia ya galeri ya tatu ilijaa saa nane ya usiku ni kuhesabu. Kusoma maneno mutumikaji aliyomuandikia bibi yake, ao kufwata baji ya delege kusudi wajue anaongea na nani, ni kufungua barua. Kuhesabu tunakubali, na tunakuomba. Kufungua tunakataa.

Sheria iko upande wetu. Code du numérique ya inchi yetu, ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, inataka habari za mutu zikusanywe kwa kusudi linalojulikana na la haki. Kama baji imeletwa kwa usalama, itumikie usalama. Na Code du travail ya mwaka 2002 inatambua badelege wa sendika na komite ya usalama na usafi pa kazi. Komite ile haikuwekwa kwa kutia sahihi tu chini ya raporo. Iko kwa kuchunguza hatari za kazi, na rezo iliyokufa ni hatari ya kazi.

Yale watakayotujibu

Watasema: namba zile ni siri ya kampuni, adui wa intaneti anaweza kuzitumia. Sisi hatuombi maneno ya siri ya kufungulia masini, wala ramani ya kable. Tunaomba saa, galeri, na dakika za kukatika. Mwizi atafanya nini na ile?

Watasema: ni vitu vya baenjenyere, hamutavielewa. Wazee wetu waliambiwa vile vile juu ya vumbi na mapafu, na juu ya hesabu ya mushahara. Tulijifunza. Baenjenyere wengi ni ndugu zetu na wenyewe wanatamani mutu awasikilize wanapoomba batri mupya ao kable ya akiba.

Watasema: umeme ni wa SNEL, ukikatika si kosa letu. Umeme ukikatika, kila mutu wa Lubumbashi na Kolwezi anajua. Lakini njo maana ya batri pa kila kisanduku. Hesabu zitaonyesha wazi: umeme ulipoenda, kisanduku kilishikilia dakika ngapi mbele ya kuzima? Kama ni 5 tu, na watu wanahitaji dakika 40 kutoka nje, basi jibu liko pale kwa karatasi.

Tunaomba nini

Kwanza: kila mwezi komite ya usalama ipewe namba za rezo, antene kwa antene, ekipe kwa ekipe, na saa ya kila kukatika, si wastani peke yake.

Pili: alarme za gesi, sauti ya redio na baji zipite mbele ya picha na kazi zingine, na zijaribiwe mbele ya kila ekipe kushuka. Jibu liandikwe ku kitabu pale mulangoni.

Tatu: galeri yenye rezo iliyokufa ihesabiwe sawa galeri isiyo na hewa. Watu wasiingizwe mupaka itengenezwe, ao mupaka njia nyingine ya kuongea na juu iwekwe na kuonyeshwa.

Ine: baji ikipotea, kitu cha kwanza ni kuuliza antene, cha pili ni kumutafuta mutu kama iko salama. Hakuna azabu inayotokana na baji mbele hesabu za antene hazijaonekana na delege.

Tano: watumikaji wa sous-traitance wawe na baji zenye kusomwa sawa zetu na majina yao yaonekane juu. Jiwe haliulizi contrat yako ni ya nani.

Sita: badelege wapewe siku za kujifunza kusoma raporo zile, kwa saa za kazi.

Na sisi wenyewe

Kuomba peke yake haitoshi. Kuko kazi yetu tena.

Redio ikinyamaza, andika: tarehe, saa, galeri, umesikia nini. Kidaftari cha feza kidogo na kalamu vinatosha. Kiisha mupatie delege wako. Watu kumi wakiandika kitu kimoja, hakuna raporo itakayosema 99 kwa mia na ikaaminiwa bila kuulizwa. Karatasi zetu na hesabu za ordinatere ziwekwe kando kwa kando. Pale zinapoachana, njo pale pa kuchimba.

Usitundike koti ao kifuko juu ya antene. Usichomoe waya ya kisanduku kwa kuchaji telefone. Tunajua inafanyika. Yule unayemuzimia kaptere ni mwenzako wa galeri ya mbele.

Usiache lampu yenye baji kwa mwenzako kusudi aonekane yuko kazini kwa ajili yako. Siku ya hatari, watatafuta watu wawili pahali pamoja, na mumoja hatakuwa pale.

Na ninyi mama zetu, bibi zetu, mukiwa ku lopitalo ya kampuni ao kwa mukutano wa jamaa, mukipata nafasi ya kuuliza mukubwa, muulizeni hili: «Usiku, mume wangu akiwa chini, mutu gani wa juu anajua iko wapi, na kama masini inanyamaza, nani anaambiwa?» Ulizo lile halihitaji masomo makubwa. Mukubwa aliyepanga kazi yake vizuri atalijibu kwa jina na kwa saa. Asiye na jibu, atakwenda kulitafuta, na ile nayo ni faida.

Mukutano wa komite ya usalama wa mwezi ujao, badelege wetu wote waingie na maulizo yale manne mukononi: njia imejaa kadiri gani, inachukua wakati gani, vipande vingapi vinapotea, saa ngapi ilifungwa. Waombe yaandikwe ku procès-verbal, na kando yake jibu lililotolewa. Kama hakuna jibu, iandikwe kwamba hakuna. Kiisha watuletee, tutayasoma pamoja.